Mikono, Niione

Mume wangu Vernell Tibbs amewapiga picha nusu ya watu weusi wa Toledo, na wengi wao picha zao zilitazamwa kwa makini siku moja tu, siku ya kuzikwa. Yeye ndiye mtengenezaji wa vijitabu vya maziko. Mtu akifa Jumatatu, Jumanne familia iko barazani kwetu na bahasha ya picha mbovu: marehemu amekatwa sikio, marehemu ameshika sahani ya mbavu za kuchoma na mdomo umejaa. Vernell hushuka nazo chini ya nyumba, kwenye chumba chake cha giza, na akipanda tena marehemu ana heshima zake. Watu huzililia picha zile, huzibusu, kisha chakula cha baada ya maziko kikiisha unazikuta chini ya viti zimekanyagwa. Mwokotaji ni mimi.

Nayasema haya mapema ili anayetaka kumlaumu mume wangu amlaumu akijua ametoka wapi. Mimi mwenyewe nimemlaumu vya kutosha, tena kwa sauti.

Kazi alifundishwa na mzee Gaither, aliyekuwa na studio Barabara ya Dorr kabla mitaa ile haijavunjwa. Mzee alimfundisha mambo mawili. La kwanza, ukimpiga picha mtu mweusi pima mwanga usoni pake, usipime kwenye shati lake jeupe, maana kamera huamini shati na kumsahau mwenye shati. Maduka ya kusafisha picha hayakulijua hilo, au hayakujali, na tulipokuwa wadogo yalikuwa yakiturudishia picha za darasa tumekuwa makaa yenye meno. La pili, uso umezoea kudanganya, lakini mikono haijui, kwa hiyo picha isiyo na mikono ni nusu ya mtu. Basi miaka thelathini na mmoja kila anayekaa mbele ya kamera ya Vernell husikia maneno hayohayo mawili: "Mikono, niione." Mabibi harusi wameambiwa hivyo, na wachungaji pia. Watoto wa shule ya Jumapili humwigiza mgongo ukiwa umeinama. Mimi niliambiwa nikiwa na joho la kwaya na miaka ishirini na sita, nikamuuliza anataka kuniona mikono au anatafuta kama nina pete. Alibofya, na picha ile ya mimi nikicheka ipo sebuleni hadi leo.

Hili la sanaa lilianza nilipofanyiwa upasuaji wa goti. Vernell alikuja kuniona hospitali, akapanda lifti peke yake na maua mkononi. Ghorofa ya pili mlango ukafunguka, mama mmoja wa kizungu akatia mguu ndani, akamwona, akautoa. Akajifanya amesahau kitu, akapapasa mkoba wake, akangoja mlango ujifunge. Vernell alifika kitandani kwangu shingo imemvimba. Hakuniuliza goti.

"Amenikimbia, Renita," aliniambia. "Nimeshika maua ya waridi, na amenikimbia."

Nilimwambia apunguze sauti, wenye vidonda wamelala. Lakini lilimkaa. Jumapili iliyofuata alianza kuwauliza wanaume wa kanisani: wewe ilikuwa wapi? Hakuna aliyemuuliza anazungumzia nini. Kila mmoja alikuwa na mahali pake. Daktari wa meno alishukiwa kwenye maegesho ya kliniki yake mwenyewe. Mpishi mwenzangu wa jiko la shule alikuwa anavua samaki bwawani, watu wakahamisha viti na watoto wao. Kijana wa besi kwenye kwaya alipoteza ufunguo, akawa anahangaika na mlango wa nyumba yao, jirani akapiga simu. Vernell akawarudisha mmoja mmoja palepale, saa ileile, na nguo zilezile kama bado zinawatosha, akawapiga picha wamesimama tu. Hakuwataka wakunje uso wala watabasamu. Alitumia ile kamera kubwa ya miguu mitatu ya mzee Gaither, na filamu nyeusi na nyeupe. Mwaka na nusu, wanaume kumi na tisa.

Zilikuwa picha nzuri mno, na sisemi hivyo kwa kuwa nalala naye. Alizitundika wiki mbili kwenye maktaba ya mtaa wetu, na huko ndiko alikoziona Bi Claudia Brenneman, msimamizi wa nyumba ya sanaa iliyoko ng'ambo ya mto, kule wanakoishi wenye nyasi za kupimwa kwa rula. Bi Brenneman alisema picha hizi ziende kwa watu wanaohitaji kuziona. Aliahidi ukumbi wa mbele, mwezi wa kumi, wiki sita nzima. Mume wangu ana miaka sitini na mbili na hajawahi kuwa na maonyesho yake mwenyewe mahali ambapo mtu huvaa viatu vizuri kuja kutazama. Alienda kununua koti. Alilivaa kula chakula cha jioni.

Wa ishirini alikuwa Shemasi Ellsworth Pettway. Kama humjui, ni mzee wa miaka sabini na mitatu, amesambaza barua za posta miaka thelathini na minne, havui kofia isipokuwa ndani ya kanisa na mbele ya mkewe Hattie. Ndiye aliyesimama upande wa Vernell siku tuliyooana. Mahali pake palikuwa maegesho ya benki. Miaka miwili nyuma alikuwa amesimama pale nje anamngoja Hattie aliyeingia kutoa hela ya sadaka. Kulikuwa na baridi, ameinua ukosi wa koti. Mtu wa ndani akamwona amesimama muda mrefu, akapiga simu, na askari wawili wakaja. Hattie alipotoka na bahasha yake alimkuta mumewe ameegemezwa kwenye gari lao wenyewe. Hilo ndilo tulilokuwa tunalijua. Yaliyosemwa pale hakutusimulia, na sisi hatukumuuliza.

Tulikwenda mwezi wa tatu, asubuhi, barafu bado imebaki kando ya lami. Mimi nilishika ubao mweupe wa kurudisha mwanga. Shemasi alisimama alipoonyeshwa, na koti lilelile, ukosi juu. Vernell akapima mwanga usoni pake, akarudi nyuma ya kamera, akainama, akatia kichwa chini ya kitambaa cheusi na mkono mmoja kwenye waya wa kubofyea. Akasema kama anavyosema siku zote, bila hata kufikiri.

"Mikono, niione."

Shemasi Pettway akainyanyua. Yote miwili, mpaka usawa wa masikio, vidole vimetanuka. Ilikwenda upesi kuliko nilivyoweza kufungua mdomo. Kidole cha Vernell nacho hakina akili, kimezoea: kikabofya.

Shemasi aliishusha mikono polepole, akaitazama, akainyoosha kofia yake iliyokuwa imenyooka tayari. Na unajua alisema nini? Alisema samahani. Mzee alituomba sisi radhi.

Vernell alitoka chini ya kitambaa. Alianza kusema shemasi, mimi sikuwa na maana, ni maneno tu, tangu zamani, mzee Gaither alikuwa... Shemasi akamkata.

"Najua, Vernell. Umeniambia hivyo hata siku ya harusi yako. Lakini wale askari nao walisema hivyohivyo." Akapangusa pua kwa leso. "Hiyo usimwonyeshe mtu. Hata Hattie asiione."

"Haki ya Mungu, naichoma leo."

Wakapiga nyingine, mikono imefumbatwa mbele, na tulirudi nyumbani bila kuwasha redio.

Ahadi ni deni, na mimi nilidhani limelipwa usiku uleule. Siku ya tatu nilishuka chini kuchukua sabuni ya kufulia nikaikuta imebanwa kwenye kamba pamoja na nyingine. Nitasema kweli, maana hapa ndipo palipo na shida yote: sijawahi kuona picha kama ile. Mvuke wa pumzi umesimama mbele ya kinywa. Viganja vile vikubwa vya mtu wa posta, kila mstari unahesabika. Na macho hayakuwa na woga hata kidogo, yalikuwa yamechoka tu na yanatii. Nilisimama pale na sabuni yangu, nguo nikazisahau.

Nilipomuuliza alisema anangoja ikauke ndipo aichome. Sijawahi kusikia kitu kinachokaushwa kwanza ili kichomwe, na nilimwambia hivyo. Wiki mbili baadaye Bi Brenneman alipiga simu, Vernell akaiweka sauti ya juu ili na mimi nisikie sifa zake. Yule mama alikuwa analia. Alisema ameipitia ile karatasi ya picha ndogondogo aliyopelekewa ili achague, na ile ya mzee aliyeinua mikono imemwondoa usingizi. Hiyo iwe ukutani peke yake, ukubwa wa mlango. Hiyo iwe kwenye kadi na mabango. Alisema zile nyingine ni nzuri lakini ni wanaume wamesimama tu, na maonyesho yasiyo na ile hayana moyo.

Nilimtazama mume wangu. Aliniambia imepita kwa bahati mbaya, haraka zilikuwa nyingi. Mtu anayekumbuka tai ya kila maiti aliyemhudumia tangu mwaka tisini na mbili!

Hakumwambia Bi Brenneman ndiyo, wala hakumwambia hapana. Alisema atazungumza na shemasi. Wiki ya kwanza ikapita hajazungumza, na ya pili ikapita, na kanisani akawa anakaa safu za nyuma kama mdaiwa. Mimi nilikuwa napiga masufuria kwa hasira. Nilichoka kupiga masufuria nikamfuata chini.

Alijitetea vizuri, simnyimi haki yake. Alisema wale wanaokimbia lifti hawatasimama mbele ya mtu aliyesimama tu, watampita kama wanavyompita kila siku. Lakini mbele ya ile watasimama. Watalia.

"Na wakishalia?"

"Watafikiri, Renita."

"Watafikiri nini? Kwamba mtu mweusi mzuri ni yule ambaye mikono yake inaonekana?"

Kisha akasema jambo ambalo lilinichoma, kwa sababu alilisema taratibu. Alisema miaka thelathini na mmoja kazi yake inaokotwa chini ya viti na mkewe. Hii moja ingebaki. Alitaka ibaki moja.

Nilitamani kumkumbatia na nilitamani kumpiga kwa kitabu chake cha kemikali. Nikasema lililokuwa moyoni. "Yule wa benki alimwogopa shemasi kwa kutomjua. Wewe unamjua. Kula umekula kwake. Sasa nani kamkosea zaidi?"

Alizima taa yake nyekundu ya kusafishia picha nikiwa bado nimesimama pale, nikapanda ngazi kwa kupapasa na goti langu bovu.

Kumbe Bi Brenneman hakuwa na subira ya kungoja majibu. Alichapa kadi za mwaliko zenye picha ile, mia mbili, akazituma kwa posta, na moja akaiandikia ofisi ya kanisa letu kwa heshima. Na barua za kanisa, kila Jumatano tangu alipostaafu, hufunguliwa na Shemasi Pettway. Haruhusu mwingine. Anasema hajasahau kushika kisu cha bahasha.

Alikuja nyumbani kwetu mchana uleule. Hakuingia ndani, alikaa kwenye kiti cha barazani, kadi juu ya goti imelazwa kifudifudi. Vernell alisimama mlangoni anajua. Nilileta chai ya barafu, hakuna aliyeigusa. Mzee hakufoka. Ningefurahi angefoka, tungepata pa kuanzia. Alisema Hattie bado hajaiona, na akauliza kama kadi hizi ziko nyingi. Vernell akamwambia idadi. Shemasi akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa uzito wa mfuko atakaoubeba.

"Nipeleke kwa huyo mama," alisema. "Nataka anione."

Vernell aliingia ndani kuchukua funguo, na nikamsikia anashuka chini. Aliporudi mfuko wa koti lake jipya ulikuwa na bahasha ndogo ya kahawia, zile za kutilia filamu. Filamu yenyewe, kile kipande ambacho picha zote huzaliwa humo. Sikujua anakwenda kumpa nani. Daraja zima la mto niliitazama ile bahasha, nikaona aibu kwamba simjui mume wangu wa miaka thelathini na mmoja kiasi cha kujua hilo.

Bi Brenneman si mtu mbaya. Nalisema kwa uchungu, maana angekuwa mbaya siku ile ingekuwa nyepesi. Alimtambua shemasi tangu mlangoni, akatoka nyuma ya meza mikono mbele, akamkumbatia na kofia yake. Alimwambia ni heshima kubwa. Alimwambia amekuwa akiamka na uso wake. Tukapelekwa ukumbi wa mbele, na pale ukutani palikuwa pameshapimwa kwa kalamu ya risasi mraba mkubwa kama mlango, kama alivyosema. Mzee akautazama ukuta mtupu muda mrefu. Kisha mama akasema tumefika siku nzuri sana, mtu wa gazeti anakuja saa tisa, na kama shemasi hatajali, akisimama hapa, mbele ya mahali pake, na akifanya kama alivyofanya kwenye picha...

Alionyesha. Aliinua mikono yake mwenyewe midogo, akitabasamu, ili mzee aelewe.

Shemasi Pettway akatia mikono yake mifukoni. Mikono yote miwili, mpaka kwenye vifundo. Nimemjua miaka arobaini na sikumbuki kumwona na mikono mifukoni mahali penye wazungu. Wanaume wetu hufundishwa kutoificha kabla ya kufundishwa kufunga kamba za viatu.

"Mama," alisema, "siku ile niliinua kwa sababu wale vijana walikuwa na bunduki. Siku ya pili niliinua kwa sababu nilisahau kwamba huyu ni rafiki yangu. Wewe huna bunduki, na sijasahau kitu. Naomba usiitundike."

Bi Brenneman akawa mwekundu mpaka shingoni. Alisema pole, alisema hakujua, alisema anaelewa kabisa. Kisha akaanza kusema kadi zimeshakwenda, kamati imeshaona, ukumbi huu walimpa Vernell kwa sababu ya picha hiyo hasa, na labda shemasi angeona ni watu wangapi itawabadilisha. Hakumaliza akimtazama shemasi. Alimaliza akimtazama Vernell.

Basi sote tukamtazama Vernell. Koti lilimkaa vizuri, mume wangu. Aliuangalia ule mraba ukutani, akaupima kwa macho kama anavyopima kila kitu, na nikaona kwamba ameshaiona humo, ameiona tayari inaning'inia, na watu wamesimama. Alitoa bahasha mfukoni. Alimpa shemasi.

"Nilikwambia nitaichoma," alisema. "Sikuichoma kwa sababu ni nzuri. Sina sababu nyingine."

"Najua ni nzuri," alisema shemasi. "Nimeiona."

Mama akasema kwa upole kwamba ikiwa hivyo itabidi azungumze upya na kamati kuhusu tarehe. Tarehe yenyewe haijapatikana hadi leo. Mwezi wa kumi ukumbi ule ulijaa vyungu vya udongo, na wanaume wetu kumi na tisa wako chini ya nyumba, wamefungwa kwenye shuka. Wa ng'ambo ya mto hawakuwaona wakiwa wamesimama tu, kwa hiyo hawajui kwamba huwa tunasimama tu. Hilo linanikera kila nikishuka kuchukua sabuni, na simjui wa kumkasirikia akanitosha.

Lakini siku ile shemasi alikwenda dirishani. Alikitoa kile kipande cha filamu kwenye bahasha, akakishika kwa ncha za vidole, akakiinua kwenye mwanga na kufumba jicho moja. Kwenye filamu rangi hugeuka kinyume, cheupe huwa cheusi na cheusi huwa cheupe. Alikitazama hivyo mpaka Bi Brenneman akaanza kukohoa.

"Kumbe humu ndani mimi ni mzungu," alisema. Akakisogeza karibu zaidi na jicho. "Na mikono bado iko juu."